Kompresa Ikigoma Kuwaka, Gesi Haina Kosa

Simu nyingi ninazopigiwa na wateja huanza hivi: "Fundi, friji yangu imeisha gesi, njoo uniongezee." Namuuliza mtu amejuaje kama ni gesi, ananijibu haigandishi. Namuuliza tena, ukiweka sikio kule nyuma chini unasikia nini? Hapo wengi wananyamaza, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba friji nayo husikilizwa. Mama mmoja wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, anayeuzia watoto wa shule barafu za ubuyu na ukwaju, alicheka sana. "Sasa mwanangu, niiinamie friji kama mkunga anasikiliza tumbo?" Nikamwambia ndiyo mama, hivyo hivyo.

Gesi ikiisha kwenye friji ya nyumbani, kompresa, ile pampu ya nyuma chini inayosukuma gesi, haigomi kuwaka. Inawaka vizuri tu, tena inakimbia kutwa nzima bila kupumzika, kwa sababu themostati, kile kidude kinachozima kompresa baridi ikitosha, inasubiri baridi ambayo haiji. Ukigusa zile bomba za nyuma hazina joto la maana. Ila kompresa iliyo kimya kabisa, au ile inayonguruma sekunde chache, ikakata "tak", ikatulia, kisha baada ya dakika kadhaa ikajaribu tena na kukata tena, hiyo shida yake iko kwenye umeme au ndani ya mota yenyewe. Hata ukiishindilia gesi mtungi mzima haitawaka.

Mafundi tunalijua hili. Kwa nini basi neno la kwanza mdomoni mwa fundi ni gesi? Jibu ni hela, na wateja nao wana mkono wao humo. Kujaza gesi kunaonekana: kuna mtungi, kuna geji, kuna moto wa kuchomelea, fundi anatoka jasho, mteja anaona kazi imefanyika na analipa bila maneno. Nenda sasa kabadilishe rilei, ile inayoisaidia kompresa kuanza kuwaka. Ni kidude cha kuingia kiganjani, bei yake haifiki mbali na sahani ya pilau kwa mama ntilie, na ukiwa umezoea hujamaliza hata chai uliyokaribishwa. Ukitaja hela ya ufundi, mteja anakutolea macho: "Dakika mbili tu hizo, kaka?" Halipii miaka ya kujua ni kidude kipi. Kwa hiyo kuna wenzetu wameona bora waipake gesi lawama.

Mimi kazi nilijifunzia Majengo, kwenye kibanda karibu na soko, kwa mzee mmoja ambaye hakuruhusu kijana ashike bisibisi kabla hajakaa kimya mbele ya mashine. Alikuwa anachomeka friji, anaangalia saa yake ya mkononi, anasubiri. Mteja akiwa na haraka anaambiwa aende sokoni akanunue mchicha, arudi. Sisi vijana tulikuwa tunaona mzee anapoteza muda. Kumbe hapo anahesabu kompresa imenguruma kwa sekunde ngapi kabla ya kukata, na imekaa kwa muda gani kabla ya kujaribu tena. Ikinguruma na kukata papo hapo, mota imeshindwa kuanza kuzunguka. Ikiwaka, ikafanya kazi vizuri dakika kumi au ishirini ndipo ikakata, mota inazunguka ila inapata moto: angalia vumbi kwenye kondensa, zile bomba za nyuma zinazotoa joto, angalia kama friji imebanwa ukutani. Na kwa vumbi la Dodoma la kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba zianze, kondensa za huku zinaziba. Nimeshasafisha friji kwa brashi ya rangi tu na mteja asiamini kwamba nimemaliza.

Kimya kabisa ndiyo rahisi kuliko zote. Pima soketi. Pima waya wa kuchomekea, hasa pale unapoingilia kwenye plagi. Taa ya ndani kuwaka isikudanganye. Inaonyesha tu kwamba umeme umefika kwenye friji, haisemi kama umepita kwenye themostati. Mara kadhaa nimeitwa nikakuta dada wa kazi alikuwa anafuta friji, kitufe cha themostati kikarudi kwenye sifuri. Kama kitufe kipo sawa, nachomoa umeme, naunganisha zile waya mbili za themostati pamoja, nachomeka tena. Kompresa ikiwaka, themostati imekufa, tunaibadilisha na kuagana.

Turudi kwa mama wa barafu. Kabla yangu walishapita mafundi wawili, wote wamejaza gesi, na mmoja alichomelea kabisa valvu mpya ya kujazia. Friza yake ilikuwa inanguruma na kukata. Nikachomoa plagi, nikaisogeza kutoka ukutani, nikafungua kile kifuniko cha plastiki pembeni ya kompresa. Wanaoogopa mende wakae mbali na kazi hii, maana pale pana joto na giza, na mende wamepafanya nyumbani. Nikapangusa lile vumbi jekundu. Ndani kuna vitu viwili: rilei iliyochomekwa kwenye pini za kompresa, na ovalodi, kile kidude cha duara kinachokata umeme mota ikizidiwa. Ile "tak" ndiyo sauti yake.

Nikachomoa rilei nikaitikisa sikioni. Ikachakacha. Rilei ya aina hii haitakiwi kuchakacha, kwa sababu ndani yake kuna kidonge kimoja cha kauri kilichobanwa na vibati viwili, basi. Nikaibandua kwa bisibisi mbele ya mama: kidonge kimepasuka vipande, kimoja kimeungua cheusi ukingoni, na harufu ya kuungua ikatoka pale pale. Akaniuliza, "Ndiyo haka kamenikosesha biashara wiki zote hizi?"

Ndiko. Mota ya kompresa ya kawaida ina koili mbili, yaani waya za shaba zilizoviringwa, ya kukimbizia na ya kuwashia. Koili ya kukimbizia peke yake haiwezi kuianzisha mota, itanguruma tu pale pale. Inahitaji msukumo wa ile ya kuwashia kwa muda mfupi sana, kama sekunde moja. Kidonge kikiwa cha baridi kinapitisha umeme kwenda koili ya kuwashia. Kikishapata moto kinauzuia, na mota inakuwa imeshachanganya. Kidonge kikipasuka, msukumo haupo. Mota inanguruma, inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, inachemka, ovalodi inakata. Inapoa, inaunga, mchezo unaanza upya.

Lakini sikuweka rilei mpya hapo hapo. Kidonge kinaweza kufa kwa uzee, na kinaweza kufa kwa sababu mota yenyewe ni mbovu, na ukiweka kipya bila kupima unaweza kukiunguza nacho. Kompresa ina pini tatu. Weka multimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye omu, pima pini mbili mbili mpaka umalize. Kwenye friza ya mama nilipata 14, 21 na 35. Hapo nikafurahi, kwa sababu 14 na 21 ni 35. Namba kubwa ni kati ya pini ya kukimbizia na ya kuwashia, umeme unapita koili zote mbili. Ile pini iliyobaki nje ya kipimo hicho ndiyo ya pamoja. Namba zinatofautiana kompresa kwa kompresa, hesabu ndiyo haibadiliki. Usiposoma kitu kabisa kwenye pini fulani, na kompresa imepoa, koili imekatika. Ukikuta hesabu haijumliki, koili imepigana shoti ndani. Halafu kwangua rangi kidogo kwenye bomba la shaba, pima kila pini na bomba. Hapo mita isisome chochote. Ikisoma, umeme umevuja mpaka kwenye chuma cha nje cha kompresa, usiiwashe tena kwa sababu inaweza kumpiga mtu shoti anapofungua mlango kuchukua maji.

Yake ilikuwa nzima. Rilei mpya ikaingia, ovalodi nikaibadilisha pia kwa sababu ilishakata na kuunga mara nyingi mno. Friza ikawaka. Mama akapiga kigelegele, nami nikamwambia asubiri kwanza. Baada ya kama nusu saa lile bomba la kurudishia gesi kwenye kompresa likaanza kuota barafu kwa nje, mpaka karibu na kompresa yenyewe. Gesi imezidi! Wale wawili walikuwa wameongeza juu ya gesi iliyokuwapo, na haikuwahi kupungua. Ikabidi niivute kwenye mtungi na kuijaza upya kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kwa hiyo mwishowe friza ile ilihitaji kazi ya gesi kweli, iliyosababishwa na mafundi wa gesi.

Nilipoanza kujitegemea niliamini rilei ndiyo mchawi wa kila kitu. Kijana wa Nkuhungu mwenye banda la vinywaji ndiye aliyeniongezea darasa, yeye na friza yake. Alikuwa ameambiwa kompresa imekufa. Nikafika asubuhi, nikapima pini, safi. Rilei safi. Nikachomeka, ikawaka bila shida. Nikazima, nikasubiri, nikawasha, ikawaka. Akanitazama kama tapeli. "Fundi, hii mchana haina neno. Jioni ndiyo inagoma. Jioni ndiyo nauza."

Aliponiambia hivyo nikavuta kiti. Nikamwambia leo nakaa hapa mpaka taa ziwake. Akanipa soda, tukazungumza mpira, jua likazama. Asubuhi soketi ya banda ilisoma volti 228. Saa moja na nusu usiku, majirani wamerudi, pasi na majiko ya umeme yameingia kazini, ikasoma 201. Bado si mbaya kwa friza. Nikaacha mita imechomekwa, nikawasha. Taa ya banda ikafifia, namba ikadondoka mpaka 158, ngurumo, tak.

Umeme wa 230 ukishuka mpaka 158 umepungua kama theluthi, na mtu anaweza kudhani mota nayo imepungukiwa theluthi tu. Hapana. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo hapo imebakiwa na chini ya nusu. Haiwezi kuushinda mgandamizo wa gesi. Sasa swali ni volti zinapotelea wapi. Nikamwomba mama yake, aliyekuwa nyumba kubwa, tupime soketi ya sebuleni wakati kijana anawasha friza. Sebuleni zilishuka mpaka 196 tu. Basi volti karibu arobaini zinaliwa njiani kati ya nyumba na banda.

Tukafuata waya kwa tochi. Ulikuwa waya mwembamba wa kutosha taa na redio, umepita chini ya mchanga kama hatua arobaini, na katikati umeungwa na kufungwa kwa nailoni ya mfuko. Nikafungua ile nailoni baada ya kuzima swichi kubwa: shaba imegeuka kijani, plastiki imeyeyuka, ukigusa bado ina joto. Tulipoweka kebo ya milimita 2.5 moja kwa moja bila kiungo, friza ikawa inawaka jioni kama asubuhi. Kompresa "iliyokufa" bado inafanya kazi.

Tangu siku hiyo siondoki kwa mteja bila kupima volti wakati mota inajaribu kuwaka. Kupima soketi tupu ni kujidanganya. Na huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mji umepanuka kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na katikati hapo, mwaka 2016, ndipo ilipotangazwa serikali kuhamia. Nyumba zimesogea mbali na nguzo za mwanzo, na wengi wanajenga chumba kimoja, wanavuta waya, wanaongeza cha pili, wanavuta kutoka kwenye waya ule ule. Friji inayokaa mwisho wa mnyororo huo ndiyo inayoumia.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliona ubovu na si ubovu. Umeme ukikatika na kurudi hapo hapo, kompresa inaweza kunguruma na kukata. Gesi ya upande mmoja bado ina presha kubwa kuliko upande wa pili, na kidonge cha rilei bado kina moto, hakipitishi umeme. Ipe dakika tano au zaidi, presha zitalingana, kidonge kitapoa. Ndiyo maana friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kati yake na soketi, inachelewesha umeme kabla ya kuuruhusu. Wateja wanailalamikia kwamba ni mbovu, "inakawia kuwaka". Mmoja aliichomoa akaitupa kabatini, na baadaye kompresa ikafa.

Kitu kinachonitoa kwenye mstari kabisa ni kukuta ovalodi imerukwa. Fundi ameona inakata kila mara, akaitoa, akaunga kipande cha waya mahali pake. Kwa siku moja mbili anaonekana mganga. Halafu volti zinashuka jioni moja, mota inanguruma bila kuzunguka, hakuna wa kukata, koili zinaungua ndani ya kompresa iliyofungwa kwa kuchomelewa. Nyumba yenyewe inaweza kushika moto. Kwa hili huwa simung'unyi maneno, hata kama aliyefanya ni rafiki yangu.

Friji za inveta nazo zimeingia kwa wingi, hasa Kisasa na kule wanakohamia watumishi. Zina pini tatu vile vile, ila ukipima unapata namba tatu zinazolingana, na hapo usitafute hesabu ya kujumlisha. Mota ile inalishwa na bodi, yaani saketi ya elektroniki inayoipimia umeme, hailishwi moja kwa moja na soketi. Niliitwa kwa friji ya namna hiyo baada ya fundi mwingine kutaka "kuijaribu dairekti" kwa rilei ya kawaida na umeme wa soketi. Bodi pengine ndiyo iliyokuwa na tatizo mwanzoni. Nilipofika mimi, koili zilikuwa zimeungua. Mteja alilipa kwa majaribio ya mtu. Na ukiona kwenye kompresa kibandiko cha pembetatu ya njano chenye mchoro wa moto, gesi iliyomo inawaka. Asije mtu na moto wa kuchomelea kabla hajaitoa na kufungua madirisha.

Za wanafunzi wa chuo kikuu sizisemi sana. Wananunua friji ya mtumba, wanailaza kwenye guta, wanapanda nayo mlima, wakifika wanachomeka. Oili imehama kutoka kwenye kompresa kwenda kwenye mabomba. Isimamisheni, mlale, kesho mchomeke.

Zipo zinazokufa kweli. Mzee mmoja wa Kizota, mstaafu, alikuwa na friji aliyokaa nayo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Volti zilikuwa nzuri, rilei nilimwekea mpya, pini zikasoma sawa. Ikanguruma na kukata. Nikafunga kapasita ya kuwashia kwa majaribio ili kuongeza msukumo, nikaigonga kompresa ubavuni kwa mpini wa nyundo, wa mbao, maana wakati mwingine pistoni iliyokwama huachia. Haikuachia. Nikamwambia, "Shikamoo nilishakupa mzee, sasa nakupa na ukweli: imejam."

Akaniuliza kompresa nyingine ni kiasi gani. Nikamtajia, pamoja na drayer mpya, yaani kichujio cha unyevu kwenye gesi, gesi na ufundi. Akapiga hesabu kidogo akaona anakaribia bei ya friji ya mtumba iliyo hai. Akasema basi, itakuwa kabati la unga, panya wamemsumbua sana. Wazo zuri, nikamwambia, ila ana wajukuu wadogo, na mtoto akijifungia ndani ya friji hewa inamwishia. Tukakubaliana nitoe mpira wa mlango wenye sumaku, nikafunga komeo dogo la nje kwa juu asikofika mtoto. Mpira nikaondoka nao kama sehemu ya malipo, pamoja na themostati ambayo ilikuwa bado nzima. Nilikuwa na mteja Makole mwenye friji ya aina hiyo hiyo, mlango wake haushiki.